Gunia, nusu gunia au robo kilo? Mwongozo wa kununua vyakula vya nyumbani Lamu

Mchele ukifika duka la Langoni au Mkomani ushabebwa na lori hadi Mokowe, ukavushwa kwa boti hadi gatini, ukapakiwa mkokoteni au punda. Kila mkono uliougusa umo kwenye bei. Ndiyo maana tunapanga njia nne za kununua, kuanzia iliyo bora, kwa gharama ya kilo inayofika sufuriani: bei ya duka, jumlisha boti na hamali, kisha gawanya kwa kilo zitakazoliwa kweli. Bei zilizomo humu ni za mfano wa hesabu tu; weka za kwako.

Nafasi ya kwanza: gunia la kushirikiana

Watu sita wakipika wali mara moja kwa siku, gramu 100 za mchele mbichi kwa kila mtu, watatumia kilo 18 kwa mwezi. Gunia la kilo 50 basi litawakalisha karibu miezi mitatu, muda mrefu mno kwa joto na unyevu wa kisiwa. Nyumba mbili au tatu zikiligawana hulimaliza mapema, hupata bei ya jumla, na hamali hulipwa mara moja.

Ugomvi wa gunia la ujirani huanzia kwenye kupima. Pishi na kibaba hupima ujazo, na mchele ukitikiswa hushuka, kwa hiyo vibaba viwili vya gunia hilohilo huenda visilingane uzito. Tumia mizani, na mshale usome sifuri kabla ya kuweka kitu. Lipime gunia zima kabla ya kulifungua, ili kama limepungua mrudi dukani mapema. Kisha limwageni lote juu ya mkeka safi mlichanganye: chenga na vumbi hushuka chini safarini, na anayechota wa mwisho hupata mchele wa uji. Pesa zikusanywe kabla ya kuagiza. Jirani wa "nitakupa mwisho wa mwezi" anunue kwa kilo.

Kabla ya kuagiza gunia, nunueni kilo moja ya aina hiyo mpike. Mchele mkongwe hunywa maji mengi na kujaza sufuria, mpya hushikana. Ukiambiwa ni pishori ya Mwea, nusa ukiwa mbichi na tandaza punje kiganjani. Harufu hafifu na punje za urefu tofauti ni dalili ya kuchanganywa. Kwa wali wa nazi wa kila siku mchele wa Pakistani unatosha, maana tui hufunika harufu ya pishori uliyoilipia. Pishori iwekwe kwa pilau.

Ramadhani ina nafasi yake hapa. Akina mama wa chama na kamati za misikiti zinazokusanya vyakula vya sadaka huagiza vingi kwa pamoja. Waulize Shaaban ikianza kama gunia lenu linaweza kupanda boti hiyohiyo, ila hesabu yenu iwe kwenye daftari jingine, isichanganyike na sadaka.

Nafasi ya pili: kununua kwa kilo, duka moja

Wengi watashangaa kuiona hii juu ya gunia la peke yako. Tuseme gunia la kilo 25 ni shilingi 3,500, boti na hamali 200. Hiyo ni 148 kwa kilo, na duka la mtaani linauza 160, kwa hiyo umeokoa shilingi 300. Fukusi na unyevu wakikuharibia kilo mbili tu, 3,700 inagawanywa kwa 23: karibu 161. Faida imekwisha, na kazi ya kupepeta imebaki.

Unga hasa ununuliwe hivi, wa wiki mbili, na tarehe isomwe. Anayesagisha mahindi ya Mpeketoni aume punje kwanza: kavu hulia kwa mkato, mbichi hubonyea. Kiwango kinachokubalika Kenya ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukiona ukungu, acha kabisa. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, na kuku pia wasipewe.

Nafasi ya tatu: gunia zima la nyumba moja

Linafaa nyumba ya watu kumi na zaidi, au yenye shughuli. Gunia lisigusane na sakafu wala ukuta. Liinue juu ya mbao. Usianike mchele kwenye jua kali, punje hupasuka zikawa chenga. Mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, wanaotumia wakulima, huua wadudu kwa kuwanyima hewa, mradi ufungwe barabara kila tabaka na usifunguliwe kila siku. Toa wa wiki moja uweke kwenye ndoo yenye kifuniko. Mwenye friza anaweza kugandisha kilo chache kwa siku nne. Akitoa, auache mfuko upate joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo mchele utatoa jasho na kuota ukungu.

Ya mwisho: kadogo, yaani vipimo vidogo vidogo

Sukari robo kilo kwa 45 ni 180 kwa kilo, na jirani yako ananunua kilo nzima kwa 160. Asiye na pesa mkononi hana hiari, hilo linaeleweka. Aanze kwa kuhamisha kitu kimoja tu kutoka kadogo kwenda kilo, na sukari ndiyo nyepesi kuanzia. Viungo ni kinyume chake. Iliki, mdalasini na bizari nyembamba vinunuliwe kidogo kidogo, vizima, maana vikikaa vimesagwa hupoteza harufu.

Mafuta yanataka hesabu yake

Lita moja ya mafuta ya kupikia ni karibu gramu 920. Duka moja likiuza lita kwa 290 na jingine kilo kwa 300, la kilo ndilo rahisi, kwa sababu 290 ya lita ni kama 315 kwa kilo. Dumu la lita 20 hugawanywa vizuri baina ya nyumba nne, lita tano tano, kwenye chupa zilizokauka kabisa na kuwekwa gizani. Hakikisha muhuri wa kifuniko haujavunjwa, na nambari ya kibali cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, ithibitishwe kwa kutuma ujumbe wa simu wa SM#, ikifuatwa na nambari hiyo, kwenda 20023. Dumu lililokwisha kufunguliwa dukani msilichukue hata kwa punguzo.