Uzoefu wangu na ofisi ya sheha Pemba: kumwandikisha ammi Pencheni Jamii

Mtu wa shamba huku Pemba akitaka chochote cha serikali huanzia kwa sheha, yaani mkuu wa serikali katika shehia, mtaa wetu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho, kuungiwa maji, kumwekea mtu dhamana, ugomvi wa mpaka wa shamba, kote utaulizwa barua ya sheha iko wapi. Nimeitumia ofisi hiyo tangu nilipopata akili, lakini niliijua hasa niliposhughulikia ammi yangu, ndugu wa baba, aandikishwe Pencheni Jamii, ile fedha ya kila mwezi ya serikali ya Zanzibar kwa wazee. Naandika kwa ajili ya yeyote anayejiandaa kumpeleka mzee wake.

Kwanza pencheni yenyewe. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa kufika 50,000. Anapewa Mzanzibari mkaazi aliyefika miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuajiriwa. Hakuna mchango uliokatwa kabla, wala haulizwi kama ana mtoto Muscat anayemletea fedha. Ammi amevua na kulima muhogo maisha yake yote, hakuna tajiri wa kazi aliyewahi kumwekea akiba. Fedha hii ndiyo pekee inayoingia kwa jina lake, na kwa mzee aliyezoea kulisha watu halafu akawa analishwa, hilo ni jambo kubwa sana. Wanaosema 50,000 ni kidogo waende wakamuulize anayenunua dawa za presha.

Tunakaa mji mdogo kaskazini ya kisiwa. Ofisi ya shehia yetu ni chumba kimoja, meza, viti vya plastiki na kabati la madaftari. Sheha wetu ni mwanamke, tunamwita Bi Sheha. Alisimama kumpokea ammi mlangoni.

"Shikamoo ammi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na mtoto, ndiye mwenye maneno."

Nikatoa kitambulisho. Bi Sheha alikitazama, akatutazama, akaniambia kwa mujibu wa kadi hii ammi yako bado hajafika 70. Na kila mtu mtaani anajua amefika zamani. Badala ya kuturudisha nyumbani akamuuliza, "Ammi, wewe na marehemu baba yangu nani mkubwa?"

"Baba'ako nilimtangulia. Alipoanza chuo kusoma alifu mimi nishahitimu msahafu."

Baba yake Bi Sheha alikuwa mwalimu wa skuli, na tarehe yake ya kuzaliwa iko kwenye karatasi za kazi. Kwa swali moja ikawa imejulikana kwamba kitambulisho cha ammi kimekosewa, na kwamba kuna njia ya kulieleza kosa hilo. Hakuna kompyuta yoyote ingeweza kumuuliza mzee swali lile. Hapo ndipo ninapoipa ofisi hii alama zote: anayekuhudumia anakujua, anajua ulihamia lini, ulimzika nani, na jirani yako wa kulia ni nani.

Kosa lenyewe si la ajabu. Wazee wa umri wake wengi walizaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi, hawakuandikwa popote. Vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi vilipokuja kwa Sheria Namba 7 ya 2005, mzee asiye na cheti alikisiwa umri, na makisio yale yakageuka kuwa tarehe ya kuzaliwa. Tangu sheria ya 2018, vizazi, vifo, ndoa, talaka na vitambulisho vyote viko chini ya Wakala mmoja wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na kwa kweli utaratibu huo ni bora kuliko ule wa kila karatasi na ofisi yake. Lakini kurekebisha mwaka ulioandikwa vibaya bado kunataka moyo.

Hapa sasa lawama zangu. Bi Sheha alituandikia barua, akaita wazee wawili wa mtaani wakashuhudia, tukaenda mbele. Kwenye dirisha moja (sitalitaja) tuliambiwa barua haitoshi, tulete hati ya kiapo. Tukaleta kiapo, tukaambiwa picha ziwe mpya na barua ya sheha iwe ya tarehe ya karibuni. Tukaleta hizo, akatokea mwengine akauliza kopi za vitambulisho vya mashahidi. Kila safari ni gari ya abiria, na mzee ana magoti. Yote yale yangeweza kusemwa siku ya kwanza, kwa pumzi moja, au yakaandikwa kwenye karatasi ikabandikwa ukutani. Nilikasirika na bado nimekasirika. Anayemzungusha mzee wa miaka sabini na kitu kwa karatasi ambazo angeweza kumtajia mapema anamdhulumu, hata kama kila karatasi anayoitaka ni halali.

Bi Sheha ndiye aliyetuvusha. Alipiga simu kwa salio lake mwenyewe. Karatasi ya barua ya pili aliitoa mfukoni kwake, maana zilikuwa zimekwisha. Niliona pale jinsi uendeshaji wa mji mdogo ulivyo. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa ushauri wa Mkuu wa Wilaya. Diwani tunamchagua sisi, naye anakaa kwenye baraza lenye soko, taka na ushuru. Maji ni ZAWA, umeme ni ZECO, na pencheni ina watu wa ustawi wa jamii. Kila mmoja akitaka kujua nani anakaa wapi, nani yuko hai, nani masikini kweli, anamuuliza sheha. Kazi zote zinapitia kwake, bajeti zote zinapita mbali naye.

Na yako mengine lazima niyaseme, maana si kila shehia ina Bi Sheha. Mkono unaosema huyu ni mkaazi na huyu si mkaazi ni mkono mzito. Nyakati za uchaguzi huku Pemba masheha wamewahi kulalamikiwa sana kwa ajili ya hilo, na wazee hawajasahau. Ujuzi uleule uliomsaidia ammi ungeweza kumzuia, kama sheha angekuwa na kinyongo na ukoo wetu. Kwa hiyo sitaki mambo yabaki kwenye wema wa mtu. Nataka saa za kazi zibandikwe mlangoni, kwa sababu Bi Sheha akiitwa mkutanoni wilayani ofisi inafungwa na hujui anarudi lini. Msimu wa karafuu ndiyo basi tena, hata mashahidi huwapati, wako mashambani. Nataka kila barua iandikwe kwenye daftari na uliyenyimwa uelezwe sababu kwa maandishi. Nataka pia shehia ipewe fungu lake, hata dogo, la karatasi na simu.

Ammi ameshaandikishwa na analipwa.

Kama una mzee anayekaribia 70, kitazame leo mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho chake, usisubiri afike. Ukiwa umekosewa, nenda kwa sheha na watu wawili waliomzidi umri au waliosoma naye chuo cha Kurani, kila mmoja na kitambulisho chake na kopi. Uliza kuhusu kiapo tangu mwanzo, na orodha ya mahitaji yote waiandike wao kwenye karatasi, wakutilie na jina la aliyekwambia. Nenda asubuhi mapema, na mzee mwache nyumbani mpaka uhakikishiwe kwamba yeye mwenyewe anahitajika.