Udongo wa karatasi kwa vichwa vya midoli: uzoefu wangu baada ya kuutumia nyumbani

Niseme mapema ili mwenye haraka asipoteze muda wake: huu udongo wa karatasi unaokauka wenyewe kwa hewa, kwa uso na kichwa cha mdoli sijashika kitu kizuri zaidi nikiwa nyumbani, kwa vidole vya mikono ni mateso matupu, na wewe usiyejua kusubiri usinunue kabisa. Ukishajua hilo unaweza kuishia hapa, wengine tuendelee.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini maana majina yanachanganya watu. Siongelei ule udongo wa wafinyanzi uliochanganywa na nyuzi za karatasi, ule nao unaitwa hivyohivyo lakini lazima uingie kwenye tanuru, usipochomwa unabaki tope lililokauka tu. Naongelea ule wa pakiti, mweupe au wa kijivu kidogo, laini, ndani yake kuna nyuzi za mbao au karatasi, unga wa madini (aina zingine wanaweka majivu ya volkano au pumisi, lile jiwe jepesi la volkano, iliyosagwa ndo maana ukikauka unakuwa mwepesi), wanga wa kushikisha, na maji. Maji yakitoka unakuwa mgumu, basi, hamna oveni wala kemikali ya pili ya kuchanganya. Kampuni sitaji, nimetumia za makampuni tofauti na tabia zao zinafanana kiasi kwamba haya ninayosema yatakukuta kwenye yoyote utakayochukua.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa polima, ule udongo wa plastiki wa kuchoma kwenye oveni. Sibishi, polima ni nzuri, inakungoja, unaacha uso nusu unaenda kulala unarudi unaukuta vilevile. Ila inataka joto la uhakika. Polima inayoitwa Fimo inachomwa nyuzijoto 110 za Selsiasi kwa nusu saa, nyingine inayoitwa Super Sculpey nyuzijoto 130 kwa dakika 15 kwa kila unene wa milimita 6, sasa oveni za nyumbani unazijua, kitufe kinasema namba moja na ndani kuna namba yake nyingine, bila kipimajoto cha kuweka mle ndani unabahatisha tu. Ikizidi sana inaungua, na kwa vile ni PVC, plastiki yenye klorini, ule moshi una gesi ya asidi, inawasha macho na koo sio mchezo. Studio ya nyumbani maana yake meza ya kazi na jiko la familia ni majirani, mimi hilo lilikuwa linaninyima raha. Alafu kuna jambo wauzaji hawaligusi: vanishi nyingi za kupuliza ukizipiga juu ya polima zinabaki zinanata, unadhani itakauka kesho, haikauki, mdoli anakusanya vumbi na manyoya ya paka mpaka unachoka. Udongo wa karatasi haubagui. Akriliki, rangi za maji, wino, penseli za rangi, chaki za pasteli, gundi nyeupe, kitambaa, kurasa za kitabu kilichochanika, vyote unapokea. Kwa sisi tunaochanganya vifaa kwenye kazi moja hapo ndo ulinikamata.

Sasa namna unavyofanya kazi. Usijaze kichwa chote udongo mtupu, nasema tena usijaze, kwanza ni kumaliza pakiti bure, pili katikati hapakauki leo wala kesho, nje kunakauka mapema kunavuta, na kukivuta kunapasuka. Unakunja foili ya aluminiamu unaibana kwa nguvu hadi iwe ngumu kama unavyotaka umbo la fuvu liwe, unazungushia ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi ili udongo upate pa kushika, alafu ndo unavika udongo unene wa kama milimita 5. Wengine wanatumia gazeti lililokunjwa badala ya foili, mimi sipendi, gazeti linanyonya maji ya udongo lenyewe linavimba kisha linanywea, umbo linahama. Waya wa shingo uwe wa aluminiamu. Waya wa chuma wa kawaida unashika kutu ndani ya udongo mbichi na ile kahawia inapenya hadi juu, unapaka jeso, ile rangi nyeupe ya kutangulizia, inarudi, unapaka tena inarudi.

Hata ukifanya yote hayo nyufa zitakuja, usipaniki. Udongo unapungua ukikauka kwa sababu maji yametoka na foili haipungui, kwahiyo kitu lazima kiachie mahali, mara nyingi ni kisogoni au pale shingo inapokutana na kidevu. Unachukua udongo uleule unaukoroga na maji unakuwa uji mzito, unalowanisha ufa kidogo, unasukumia uji ndani kwa kijiti, unaacha. Watu wanaandika maoni kwamba pakiti ni mbovu kisa nyufa, mimi naona wanaionea, hiyo ni sehemu ya kazi na inatengenezeka. Tabaka zikiwa nyembamba na kila moja ikapewa muda wake, nyufa zinakuwa chache.

Muda wenyewe ndo mtihani. Sehemu nyembamba kesho yake inaweza kuwa tayari, kichwa kizima kinaweza kula siku kadhaa, na hewa ikiwa na unyevunyevu ndo kabisaa. Jua kali hapana, hita hapana, feni ya kupuliza moja kwa moja hapana, ukiharakisha ngozi ya nje unatafuta nyufa kwa mkono wako. Kiweke juu ya sponji kavu au wavu hewa ipite chini, ukigeuze mara kwa mara. Kujua kama kimekauka kiguse na shavu lako, kikiwa bado cha baridi kuna maji ndani yanaendelea kutoka. Rangi nayo inapauka kadri kinavyokauka. Hicho kipimo cha shavu ndo kimeokoa kazi zangu nyingi maana ukipaka rangi juu ya kichwa kibichi unyevu unafungiwa ndani na baadae unasikia harufu ya ukungu.

Uso sasa. Hapa ndo pesa yako inarudi. Kwenye udongo huu unatengeneza uso mara tatu: ukiwa mbichi unaweka mambo makubwa, paji, pua, mashavu, kidevu, ukianza kukaza unaingia na kisu kidogo kwa kope na mstari wa midomo, na ukikauka kabisa unachonga, na unachongeka kama mbao laini. Pua imekuwa kubwa? Chonga. Shavu moja limezidi? Ongeza udongo juu ya lile lililopungua, lowanisha kwanza na pakaa ule uji katikati, unashika. Hiyo ya kuongeza na kupunguza bila mwisho ndo inafanya sura zitoke zenye uhai, kwa sababu unaweza kumuweka kwenye rafu ukamwangalia juma zima na bado ukamrekebisha. Kwa anaeanza tu, macho yanakaa katikati ya urefu wa kichwa, sio juu kama wengi tunavyodhani, na ukitaka sura ya mtoto yashushe chini ya nusu umpe paji kubwa, hapohapo anakuwa mtoto hata kabla hujamuwekea mashavu.

Msasa unaanza na namba 220 unakwenda 400 unamalizia 600. Tafadhali vaa barakoa, lile vumbi ni jepesi sana linaelea na ndani yake kuna unga wa madini, mapafu hayalihitaji, na usilipulize mezani, lifute kwa kitambaa chenye unyevu. Msasa wa maji sahau, maji yanaufungua udongo tena juu. Ukitaka ulaini zaidi kabla haujakauka pitisha kidole kilicholowa kidogo, kidogo nasema, ukizidisha zile nyuzi zinanyanyuka uso unaota vinyweleo.

Vidole jamani. Hapa sina la kuutetea. Zile nyuzi zinazoushikilia udongo ndo hizohizo zinazokusumbua ukitaka kitu chembamba, unavuta kidole unakuja na kipande kizima, unakata kati ya vidole unachanika badala ya kukatika. Ukifanikiwa ukakauka, mkono ukigongwa meza kidogo tu kidole kimeenda, na kama kuna waya ndani ukiupinda udongo unabanduka vipandevipande. Mimi siku hizi naenda njia mbili. Mdoli wa kitambaa namfanyia mikono ya kitambaa, waya mwembamba unazungushiwa uzi na gundi nyeupe kisha unavikwa, vidole vinapindika na havivunjiki. Au mikono naitoa kwa polima naichoma, nikishapaka jeso na akriliki kichwani na mikononi hakuna anaeona tofauti. Wapo wanaofanya mikono iliyofumbwa, kidole gumba peke yake na vingine vimeungana, na inapendeza, wala sio uvivu. Käthe Kruse, mtengeneza midoli maarufu wa Ujerumani, mdoli wake wa kwanza wa mwaka 1905 ulikuwa taulo lililojazwa mchanga na kiazi ndo kichwa, vidole wala hakukuwepo, na mwaka 1910 midoli yake ilishafika kwenye maonyesho ya duka kubwa la Tietz pale Berlin. Kwahiyo mtu asikutishe na vidole vitano.

Kuunganisha kichwa na mwili wa kitambaa, tengeneza bamba la mabega, yaani shingo ishuke iwe kifua na mgongo kidogo, na utoboe matundu ya kushonea kwa mrija udongo ukiwa bado mbichi. Matundu yafanye makubwa kuliko sindano yako maana yatajibana ukikauka. Kutoboa baadae kwa drili ndogo inawezekana, ila pembeni ya bamba ni pembamba na panaweza kumeguka.

Rangi sina mengi. Jeso tabaka mbili nyembamba, sio moja nzito, maana jeso nzito inalowesha uso na kuzika kope ulizohangaika nazo. Ngozi naipaka akriliki iliyozimuliwa, tabaka juu ya tabaka, mashavu na ncha ya pua nasugua chaki ya pasteli kwa brashi kavu, inashika vizuri kwa sababu uso hauna mng'ao, alafu vanishi isiyong'aa inafunga kila kitu. Vanishi ya kung'aa inaenda kwenye macho peke yake na labda mdomo wa chini. Nywele natumia mohea, yale manyoya ya mbuzi wa Angora, unabandika kwa gundi fungu kwa fungu ukianzia shingoni unapanda juu. Nguo, leso za zamani, vifungo, magurudumu ya saa mbovu, hapo kila mtu na wazimu wake, mimi huwa nabandika hata kurasa zilizochapishwa moja kwa moja kwenye kifua cha udongo na maneno yanaonekana chini ya vanishi.

Malalamiko yangu mengine ni mawili. Udongo huu ukishakauka bado ni rafiki wa maji, mdoli asiyefungwa vizuri na vanishi ukimuweka bafuni au nje atalainika, na hata aliyefungwa simshauri mtu amuache kwenye unyevu. Na sio mdoli wa kumpa mtoto achezee, pua inavunjika akiangushwa na kuna vifungo na waya humo, huyu ni wa kwenye rafu. La pili ni wauzaji. Pakiti niliyoagiza mtandaoni kwa muuzaji mmoja ilifika pembeni imeshakauka, muuzaji akanijibu eti ndivyo ulivyo. Sivyo ulivyo! Pakiti nzima ukiibonyeza inatakiwa ibonyee kila kona, kukiwa na kona ngumu hewa imeingia, irudishe. Ukinunua dukani bonyeza kabla hujalipa, hakuna aibu.

Ukishafungua hesabu imeanza. Kata kipande unachohitaji tu, kilichobaki kifunge na nailoni inayobana, weka ndani ya mkebe wenye mfuniko mzuri pamoja na kipande cha sponji iliyokamuliwa, isiyochuruzika, maana sponji ikiwa na maji mengi badala ya kuulinda udongo inauotesha ukungu. Ukiona umeanza kukaza nyunyizia maji kidogo uukande kwa mikono, unarudi. Na ile mikatiko iliyokauka kabisa mezani usitupe, iponde, iloweke usiku mmoja kwenye kikopo, inakuwa uji wa kuzibia nyufa za kichwa kinachofuata.