Uzoefu wangu: Kombi ya kulala ya mwaka 1974 na fundi anayesubiri injini ipoe

Kombi yangu ni Volkswagen ya mwaka 1974, ile yenye paa linalonyanyuka, kitanda nyuma na jiko dogo pembeni. Nimekaa nayo vya kutosha kusema bila wasiwasi kwamba ni gari la safari, si la kupigia picha tu. Tumeenda nayo Bagamoyo na Lushoto, tumelala nayo Mikumi, na imepanda mlima Kitonga hadi Iringa na familia nzima ndani. Lakini kama ni kutoa nyota, ya kwanza ni ya fundi, gari lifuate.

Injini yake ya 1600 haina rejeta wala tone la maji. Inapozwa na upepo wa feni kubwa iliyofungwa nyuma, na oili lita 2.5 tu. Watu wengi hapa mjini wakisikia hivyo husema basi haichemki. Inachemka, tena vibaya, ila kimyakimya. Hakuna mvuke utakaouona, na kwenye dashibodi hakuna mshale wa joto. Utakuja kujua injini imeshakufa. Kwa hiyo matunzo yote ya gari hili, ukiyachambua, ni vita na joto, na katika joto la Dar vita hiyo haina likizo.

Gereji ya kwanza niliyoipeleka ina vijana hodari wa Toyota, na kwa magari hayo sina neno nao. Kwenye Kombi waliniumiza. Waliseti tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu (vile vifuniko vinavyofungua na kufunga silinda), injini ikiwa ndiyo kwanza imetoka barabarani. Kisha waliposhusha injini kubadilisha klachi, wakairudisha bila vipande viwili vya bati vinavyoizunguka, wakaniambia havina kazi. Baada ya hapo gari lilikuwa likifika Chalinze limechoka, halivuti.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja pale Ilala, aliyeanza ufundi wakati Kombi zilipokuwa zinabeba abiria na watalii nchi hii. Alifungua mlango wa injini, hakugusa kitu, akapitisha tochi pembezoni. "Mwanangu, bati lako liko wapi?" Nikamweleza nilivyoambiwa kule. Akatikisa kichwa. "Hilo bati ndilo rejeta yako."

Kazi ya yale mabati, pamoja na mpira unaozunguka chumba cha injini, ni kutenga hewa ya juu, iliyo baridi, na ya chini, iliyokwisha kupita kwenye silinda na ekzosi. Ukiacha tundu, feni inavuta hewa ya moto na kuirudisha kule kule ilikotoka. Mzee alichora vipande vilivyopotea kwenye boksi gumu, akavijaribisha mpaka vikakaa, tukaenda Gerezani vikakatwa kwa bati na kukunjwa kingo. Mpira mpya tuliuagiza. Tangu siku hiyo Chalinze tunapita bila kusimama.

Tapeti hakukubali kuziseti siku ile. "Liache lilale. Kesho usiliwashe, nitakuja mwenyewe." Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa getini. Akaweka kiganja juu ya injini, akaridhika kuwa ni baridi, ndipo akaingia chini. Mfuniko wa tapeti unashikiliwa na waya mmoja mnene. Aliusukuma kwa bisibisi ukashuka, akafuta oili iliyochuruzika, akaanza na silinda namba 1. Spana namba 13 mkono mmoja, bisibisi mkono wa pili, na kile kibati chembamba cha kupimia, 0.15 mm, kikipita katikati. Kipite kwa kukwaruza kidogo, kisilegee wala kisibane. Halafu anazungusha puli nusu mzunguko kurudi nyuma, anakwenda namba 2, kisha 3, kisha 4. Alinipa kibati nikivute mwenyewe ili mkono ujue.

Sababu ya kuhimiza kipimo hicho ni hii: katika injini hizi nafasi ya valvu hupungua kadiri unavyotembea. Valvu ikikosa nafasi haifungi sawasawa, na isipokalia kiti chake haina pa kupoea. Inaungua, na mwisho kichwa chake kinaweza kukatika na kuangukia pistoni. Ndiyo maana tapeti zinazolia kidogo hazimtishi mzee. Zilizonyamaza ndizo anazozitilia shaka. Ukiseti injini ikiwa ya moto, kipimo chote ni cha uongo, kwa sababu chuma kimeshatanuka. Kwa servisi ile nzima alinidai elfu hamsini, oili nikanunua mwenyewe, 20W-50 ya kituo chochote cha mafuta. Oili tunaibadilisha kila kilomita 5,000 bila kusubiri iwe nyeusi, kwani injini hii haina filta ya karatasi, ina chujio la waya tu chini yake, na chujio hilo nalo lishushwe lioshwe.

Jambo la pili ni moto, na hapa naomba kila mwenye Kombi asome taratibu. Petroli inapita kwenye vipande vya mpira hadi kwenye pampu na kabureta, vyote vikiwa jirani na injini yenye joto kali. Mpira ukizeeka unapasuka nyufa ndogo chini ya klipu, mahali macho hayafiki, na petroli inadondokea kwenye chuma cha moto. Kasha la injini hii ni la aloi ya magnesi, na magnesi ikishashika moto, kuizima ni kazi nyingine kabisa. Sisi tulibadilisha mipira yote kwa mara moja, tukafunga klipu mpya, na filta ya petroli tukaitoa ndani ya chumba cha injini tukaiweka upande wa gia boksi. Mtungi wa kuzimia moto usiwe wa kumwonyesha trafiki tu. Wangu uko chini ya kiti cha dereva, mkono unaufikia.

Jambo la tatu ni fani belti. Ndiyo inayozungusha feni pamoja na altaneta, kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani usiseme nitaangalia nikifika. Simama hapo hapo, zima, kaangalie belti. Natembea na belti ya akiba na spana namba 21 ya nati ya puli. Kukaza kwake ni kwa kuhamisha visahani vyembamba vilivyo kati ya nusu mbili za puli, na mtu yeyote akielekezwa mara moja anaweza.

Kitonga ndiko nilikoamini gari. Ukipita Ruaha Mbuyuni, wanakouza vitunguu, mlima unakuja mbele yako, na malori yanapanda polepole kwa foleni. Mzee alikuwa ameshaniusia: gia ya pili mapema, injini iimbe. Kasi ya feni ni kasi ya injini, na ukiing'ang'aniza gia ya tatu injini inabeba mzigo mkubwa huku upepo ukiwa mdogo. Tulipanda taratibu hadi juu bila kupoteza nguvu. Kushuka wakati wa kurudi nilitumia gia ile ile, na breki za diski za mbele zikabaki na uwezo wake. Mafuta ya breki nayabadilisha kila baada ya miaka miwili, maana yanavuta unyevu, na unyevu wa pwani si wa kubembeleza.

Spea zinapatikana, ila usitegemee kuzipata siku hiyo hiyo. Plagi, fyuzi na klipu nachukua Kariakoo. Shauri Moyo nimepata vitu vya mitumba mara chache, tena kwa bahati. Vilivyobaki naagiza Afrika Kusini au Ujerumani, na vipuri vya Brazil navyo viko sokoni kwa sababu wao waliendelea kutengeneza Kombi hadi 2013. Agiza kabla hakijaharibika, hasa poenti na kondensa, vile vya kuwashia cheche za plagi, na waya wa klachi.

Upande wa kulala na kupika ndani ya gari sina mengi. Betri ya pili na sola ya juu vinatosha taa na simu. Mtungi wa gesi wa kilo 6 nimeuwekea sanduku lenye tundu sakafuni, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatuama chini. Turubai la paa lilishonwa upya na fundi wa Kinondoni, kazi safi, lakini usilishushe likiwa bichi, ukungu utakuwahi.

Adui niliyebaki naye ni kutu. Sisi tunaokaa karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi, chumvi tunaipata bure. Usikubali puti, ile lipu ya kusawazishia bodi, juu ya kutu. Mwambie fundi bodi akate, achomelee bati jipya, apake andasili, ile rangi nzito ya kuzuia kutu, ndani na nje. Maji huanzia kwenye mipira ya vioo, yanateremka ndani ya bodi na kula sehemu ya chini usiyoiona. Mpira wa kioo cha mbele umeshafika bandarini, na nataka ufungwe kabla ya masika.