Insulini ya Hamira: Tathmini ya Kichupa Kimoja Baada ya Miaka Miwili Mikindani

Bidhaa ninayoitathmini ni kichupa cha kioo chenye mililita 10 za insulini ya binadamu ya mchanganyiko, ile iitwayo thelathini kwa sabini (asilimia 30 ni ya kufanya kazi haraka na 70 ni ya polepole), ambayo mama yangu amekuwa akichomwa asubuhi na jioni kwa miaka miwili sasa, tangu kliniki ilipoona kwamba vidonge peke yake haviwezi tena kuituliza sukari yake. Tunaishi Mikindani, mwendo mfupi wa daladala kutoka Mtwara mjini, na vichupa tumevinunua katika maduka manne tofauti ya dawa. Maduka hayo sitayataja kwa majina, wala kampuni iliyokitengeneza, kwa kuwa mengi ya niliyoyaona yanaweza kumpata mgonjwa yeyote wa mkoa huu, lebo iwe ya nani.

Ningeweza kuandika habari za bei na ubora tu nikamaliza, lakini kichupa hiki kiliingia nyumbani kwetu pamoja na mgogoro. Mpwa wangu wa kidato cha nne aliikunjua ile karatasi iliyomo ndani ya boksi akaisoma kwa sauti, akafika mahali palipoeleza kwamba dawa hiyo imezalishwa ndani ya hamira kwa njia ya kuunganisha vinasaba upya. Mama, ambaye amepika maandazi ya kuuza kwa zaidi ya miaka thelathini, aliweka kikombe chake chini akaniuliza, "Mwanangu, hamira hii hii ya maandazi ndiyo mnataka kunichoma nayo?" Jirani aliyekuwa amekuja kumjulia hali akasema amesikia kwamba dawa za vinasaba humgeuza mtu akawa si yule aliyezaliwa. Mjomba, kaka yake mama, ambaye katika ukoo wetu neno lake ndilo linalofunga shauri, akaleta swali zito kuliko yote: je, hii si ndiyo ile dawa ya nguruwe? Siku tisa zikapita kichupa kikiwa ndani ya friji bila kufunguliwa, huku kipimo cha sukari ya mama kikisoma milimoli 17 kwa lita, na siku nyingine 19, juu mno.

Nilipotafuta majibu niligundua kwamba hofu ya mjomba ilikuwa na msingi wa kweli, ila ilikuwa imechelewa kwa miaka arobaini. Insulini iliyopatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921 kwa kazi ya Frederick Banting, Charles Best na wenzao, ilitokana na kongosho za wanyama, na kwa takriban miaka sitini iliyofuata wagonjwa duniani walichomwa insulini ya ng'ombe na ya nguruwe. Insulini ya binadamu ina asidi amino 51, yaani matofali ya protini, katika minyororo miwili. Ya nguruwe inatofautiana nayo kwa moja tu na ya ng'ombe kwa tatu, ndiyo maana zilifanya kazi, ingawa wapo waliopata mzio. Ilihitajika zaidi ya tani mbili za viungo vya nguruwe ili kupata kama robo kilo ya insulini iliyosafishwa. Mwislamu wa pwani hii wa miaka ya 1970 aliyeambiwa achome insulini alikuwa na njia mbili: apate ya ng'ombe, au ajitetee kwa hukumu ya dharura.

Kilichomwondoa nguruwe katika dawa hii ni kitu kile kile alichokiogopa jirani. Mwaka 1978 watafiti wa kituo cha City of Hope, California, wakishirikiana na kampuni changa wakati huo iitwayo Genentech, hawakuchukua jeni ya insulini, yaani agizo la kinasaba la kuitengeneza, kutoka mwilini mwa mtu, bali waliiunda wenyewe maabara kwa kemikali, herufi baada ya herufi, wakaipandikiza ndani ya bakteria, na bakteria wakatoa minyororo miwili ya insulini ambayo baadaye iliunganishwa. Oktoba 1982 Marekani iliiruhusu insulini hiyo kuuzwa kupitia kampuni ya Eli Lilly, ikawa dawa ya kwanza ya binadamu ya aina yake kufika sokoni, na miaka michache baadaye Wadenmark wa kampuni ya Novo wakaizalisha kwa hamira badala ya bakteria. Leo wasomi wanapozungumza juu ya baiolojia sanisi, yaani fani ya kuandika maagizo ya uhai kwa mkono wa binadamu badala ya kuyaazima tu kutoka kiumbe hadi kiumbe, wanapenda kutaja mambo mapya, kama hamira iliyofundishwa kutoa malighafi ya artemisinini, kiungo cha dawa mseto ya malaria tunayoimeza sote. Lakini jeni ile ya mwaka 1978 ilikwisha kuandikwa kwa mkono, na mama yangu ni mmoja wa mamilioni ya watu wanaoishi kwa agizo lile.

Nilimweleza kwa mfano wa mabibo. Msimu wa korosho, maji ya mabibo yakiachwa ndooni hugeuka uraka kwa sababu hamira ya mwituni imekula sukari ikatoa kileo, bila nia ya kumlewesha yeyote, kwa kufuata tu maagizo yaliyomo mwilini mwake. Waliotengeneza kichupa hiki waliiongezea hamira agizo moja zaidi, wakailisha katika mapipa makubwa, wakakusanya protini iliyotokea, wakaisafisha, na hamira yenyewe haikuingia kichupani. Mama hapendi uraka utajwe nyumbani kwake na alikunja uso, lakini alielewa. Kuhusu ile hofu ya jirani ya mtu kugeuzwa, nilimwonyesha kwamba insulini ni protini ambayo mwili unaitumia na kuivunja kwa muda wa saa kadhaa. Haiingii kwenye vinasaba vyake wala haiachi agizo lolote nyuma, na kama ingeliacha, tusingehitaji kuchoma tena jioni. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyomshinda mjomba.

Sipendi, hata hivyo, waandishi wanaowacheka watu wenye hofu za namna hii, kwa sababu hofu hizi hazikuanzia vijiweni kwetu. Mwaka 1975 wanasayansi wenyewe walikutana Asilomar, California, kujadili kama kazi ya kuunganisha vinasaba iendelee na kwa masharti gani. Mwaka uliofuata meya wa mji wa Cambridge, Massachusetts, Alfred Vellucci, aliwaita maprofesa wa Harvard na MIT mbele ya baraza la mji, akawataka waeleze jambo lao kwa lugha ya watu wa kawaida. Baraza likasimamisha kwa miezi kadhaa majaribio yaliyodhaniwa kuwa na hatari zaidi, likaunda kamati ya raia ambao hawakuwa wataalamu wa fani hiyo, na mwaka 1977 likaruhusu kazi iendelee chini ya masharti. Naliona jambo hilo kuwa la busara kubwa, na ningependa siku moja kuona baraza la madiwani la kwetu likimwita mtaalamu na kumbana kwa maswali kama yale. Hata sasa hofu haijaisha miongoni mwa wajuzi: Desemba 2024 wanasayansi 38 waliandika katika jarida la Science wakionya dhidi ya kuundwa kwa bakteria ambao molekuli zao zimegeuzwa kama taswira ya kioo, kwa kuwa kinga za binadamu, wanyama na mimea huenda zisiwatambue kabisa.

Kwa hiyo swali ambalo nadhani mnunuzi anapaswa kuliuliza ni hili: je, kinachotoka nje ya kiwanda ni kiumbe chenyewe, au ni zao lake tu? Mwaka 2018 Serikali iliposimamisha majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba pale Makutupora, Dodoma, kilichokuwa kikibishaniwa ni mbegu, kitu kilicho hai, kinachochavusha na kuota tena, na mkulima wa Naliendele ana haki ya kuuliza habari zake maswali ambayo mama hana haja ya kuyauliza juu ya kichupa chake. Mahindi na insulini vinatiwa katika kapu moja la "vitu vya vinasaba", na mkanganyiko huo unawafaa wachuuzi wa hofu na wachuuzi wa ahadi kwa pamoja. Kichupani hakuna kilicho hai. Ubaya wake mkubwa ni kinyume cha ule tulioutarajia: ni dhaifu mno.

Kwanza niseme uzuri. Wiki ya tatu ya matumizi, sukari ya mama kabla ya kifungua kinywa ilikuwa imeshuka hadi kati ya 7 na 9, kiu ya usiku ikakoma, na ganzi ya nyayo ikapungua. Anatumia yuniti 20 asubuhi na 10 jioni, kwa kipimo alichopangiwa na daktari, na kwa siku nyingi dawa imefanya kazi vile vile bila kutushangaza. Mara moja tu alishuka hadi 3.1, usiku wa Ramadhani alipokula daku kidogo kuliko desturi, akatetemeka na kutokwa jasho hadi tulipompa maji ya sukari. Hilo silihesabu kuwa kosa la dawa, kwani insulini haijui kama umekula au hukula. Katika aina hii ya mchanganyiko kimiminika hutuama, kikawa na sehemu nyeupe chini, na lazima kiviringishwe polepole kati ya viganja mpaka kifanane na tui jepesi, bila kutikiswa. Mama hulifanya zoezi hilo vizuri kuliko sisi wote, kwa mikono iliyozoea madonge.

Taabu iko kwenye joto. Kichupa kisichofunguliwa kinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kisigande, na kilichofunguliwa kisikae kwenye joto kali. Kliniki ilituambia tusikitumie zaidi ya wiki nne. Umeme ukikatika usiku kucha mwezi Februari, wakati kaskazi imejaa unyevu na hata ukuta unatoa jasho, friji hugeuka kabati. Tulijaribu njia ya vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowekwa maji, kichupa kikiwa ndani katika kopo lenye kifuniko. Wakati wa kusi, upepo unapopita kibarazani, chungu kinapoa kweli kweli, na kichupa kilichofunguliwa kinahifadhika vizuri. Wakati wa kaskazi hewa imeshiba maji kiasi kwamba mchanga haukauki, na chungu kisichokauka hakipoi. Sikuliona hilo likielezwa kwenye karatasi yoyote, ingawa mtu yeyote wa pwani aliyewahi kunywa maji ya mtungi angeweza kulibashiri.

Pigo baya zaidi tulilipata dukani. Kichupa kimoja kilikuwa kimewekwa kwenye friji ya soda, kimeegemea barafu, nasi tukakipokea kikiwa baridi tukafurahi. Kwa siku nne sukari ilirudi 15 na 16, mama akaanza kuamini kwamba jirani alisema kweli, mpaka nilipokiinua kwenye mwanga nikaona chembe nyeupe zimeganda ubavuni mwa kioo zisizoyeyuka kwa kuviringishwa. Insulini iliyowahi kuganda imekufa, na hakuna namna ya kuifufua. Muuzaji alikataa kukibadilisha, akisema mzigo ukishatoka dukani si wake tena.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zilipoikata barabara ya Dar es Salaam katika eneo la Somanga, Kilwa, nilizunguka maduka yote manne kutafuta kichupa, nikakipata kwenye la mwisho. Tangu wakati huo hatukai bila kichupa kimoja cha akiba, na akiba nayo inahitaji friji.

Bei ni malalamiko yangu ya pili. Kichupa kina yuniti 1,000. Mama hutumia 840 kwa wiki nne, na zile 160 zinazobaki tunazimwaga, jambo linalouma kwa mtu aliyelipa shilingi 18,000 duka moja na 24,000 jingine kwa kichupa cha aina ile ile katika wiki moja. Banting na wenzake walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao, yaani haki ya uvumbuzi, kwa dola moja kila mmoja. Leo kampuni tatu, Novo Nordisk, Eli Lilly na Sanofi, zimeshika sehemu kubwa ya soko la insulini la dunia. Ahadi ya mwaka 1982 kwamba dawa haitategemea tena machinjio imetimizwa kikamilifu; yule aliyedhani kwamba hamira, ambayo hula sukari na kuzaana yenyewe, italeta dawa ya bei ya maandazi, bado anasubiri. Sindano nazo hununuliwa kando, na ni lazima ziwe zile zenye alama za yuniti 100 kwa mililita, kwani niliwahi kuuziwa za yuniti 40 ambazo zingemkosesha mama kipimo sahihi.

Kwa jumla dawa yenyewe nimeiridhia, na ningeinunua tena hata kama karatasi ingeandikwa kwamba imetoka kwenye hamira ya mwezini. Anayenunua Mtwara mjini aende na chupa ya chai yenye barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kichupa kisiguse barafu, na aombe kuiona friji kabla ya kulipa. Katika yale maduka manne ni moja tu lenye kipimajoto kimening'inizwa ndani ya mlango wa friji, na daftari pembeni ambamo kijana wa zamu huandika nyuzi za asubuhi na za jioni. Bei yao imezidi ya wengine kwa shilingi 3,000, na huko ndiko tunakonunua sasa.