Walinirudishia bunduki ya baba ikiwa na dole gumba la kutu

Nimengoja muda mrefu hasira ishuke ndipo niandike, na haijashuka. Duka silitaji. Liko Dar, linauza bunduki na risasi, na lina chumba cha kuhifadhi silaha za watu wanaosafiri. Nililipia vitu viwili: kusafishiwa bunduki na kutunziwa. Nilichorudishiwa ni kutu. Nyota moja.

Bunduki yenyewe ni Baikal ya mitutu miwili, shotigani ya Kirusi, aliyoinunua marehemu baba enzi za Mwalimu. Sifa zake za kiwandani mtazikuta kwingine. Alipofariki niliomba leseni upya kwa jina langu, kwa sababu leseni ya silaha hairithiwi kama shamba. Kwangu mimi hiyo si bunduki ya kuwindia kanga tu. Ndiyo iliyolinda mahindi yetu kule Handeni nguruwe pori wasiyamalize, na mahindi hayo ndiyo yaliyonilipia ada ya shule.

Baba alikuwa akirudi porini hagusi chakula wala havui viatu mpaka mitutu iwe imefutwa. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake fulana kuukuu iliyolowa mafuta ya cherehani. Basi. Baadaye tulihamia Tanga mjini, karibu na bahari, ambako upepo wenyewe una chumvi na misumari ya bati inaanza kulia machozi mekundu kabla nyumba haijazoeleka. Kopo likaja nasi. Zaidi ya miaka thelathini, bunduki ile haikuwa na doa.

Masika ya mwaka juzi, au yale yaliyotangulia, sikumbuki vizuri kwa sababu mke wangu alikuwa anaumwa na siku zote zilikuwa za hospitali, nilijua nyumba itabaki tupu. Kuacha silaha kwenye nyumba tupu ni kosa, na hata roho isingetulia. Nikaipeleka dukani. Nikalipa shilingi 80,000 kwa usafi na miezi mitatu ya kuitunza. Risiti ninayo. Nikamwambia kijana wa mapokezi kwa kinywa changu: usiifungie kwenye begi, isimamishe kabatini ipate hewa. Akaandika kwenye daftari, au alijifanya anaandika.

Siku niliyorudi kuichukua hata shikamoo sikuipata. Kijana yuko na simu, akanyoosha mkono apokee risiti bila kuniangalia usoni. Mimi ni wa umri wa baba yake. Akaingia ndani, akatoka na begi. Begi! Lile la zipu, lenye sponji iliyochongwa vilima vilima kama trei ya mayai. Nilipofungua zipu ikatoka harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi. Kwenye mtutu wa kushoto, toka mwanzo hadi mdomoni, kulikuwa na vidoa vya kahawia vimejipanga mistari kwa mistari, kila kidoa kimekaa palepale ambapo kilima cha sponji kiligusa chuma. Sponji hunywa unyevu wa hewa kisha huubana kwenye chuma usiku na mchana. Miezi mitatu ya masika, fikiria mwenyewe.

Nikaigeuza. Ubavuni, juu kidogo ya kifyatulio, nikaona dole gumba. Lilikuwa dole gumba kamili, na mistari yake yote ya ngozi, limechorwa kwa kutu. Ungeweza kulipeleka polisi wakamtambua mwenyewe. Mtu aliishika kwa mkono wenye jasho, akaifungia, akaenda zake nyumbani. Jasho ni maji na chumvi, na hakuna kinachoharakisha kutu kama chumvi.

Nikamwonyesha. Akaichukua, kwa mikono mitupu tena, akaikunja katikati ifunguke, akachungulia mitutu kuelekea kwenye taa, akasema: "Mzee, mbona inang'aa? Iko safi hii."

Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Mitutu ya Baikal imepakwa kromu kwa ndani. Itang'aa ndani hata kama nje inaliwa. Kuchungulia humo ili ujue kama bunduki imetunzwa ni kazi bure, na muuza bunduki asiyejua hilo ni sawa na muuza samaki asiyejua kufunua matamvua. Nikamwambia tazama nje, hapa na hapa na hapa. Akanijibu: "Chuma ni chuma, mzee. Kutu haikwepeki. Na bunduki yenyewe ishazeeka, ungenunua mpya."

Ungenunua mpya. Aliniambia hivyo huku kidole kinarudi kwenye simu.

Kutu inakwepeka. Ile rangi nyeusi inayoelekea bluu kwenye mtutu, watu wengi hudhani ni rangi ya kupaka na kwamba inakinga. Si ya kupaka. Ni ngozi nyembamba ya chuma chenyewe, kama kutu iliyokwisha kutulia, na yenyewe haizuii maji ila ikishikilia mafuta. Mafuta yakikauka, chuma kiko uchi. Ndiyo maana baba hakuanza na chakula.

Sasa lazima niseme na upande wa pili, la sivyo nitakuwa nimemdhulumu mtu. Kelele zangu zilimtoa fundi kwenye karakana ya nyuma, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akanisalimia kwanza. Akasema "pole sana ndugu yangu" kabla sijaeleza lolote. Kisha akaipokea bunduki kwa kitambaa. Kwa kitambaa! Nusu ya hasira yangu iliishia hapo.

Akanikalisha kwenye stuli, akapaka mafuta kwenye vile vidoa, akaagiza chai, tukayaacha yaloweke. Kisha akasugua kwa sufi ya chuma laini kabisa, si stilwaya ya kusugulia sufuria, akienda taratibu kufuata urefu wa mtutu, akifuta, akipaka tena. Vile vidoa vikatoka karibu vyote. Dole gumba lilififia lakini halikutoka. Aliniambia wazi kwamba akiendelea ataondoa ile ngozi nyeusi, afadhali tuache.

Akakiri pia kilichotokea. Vijana walipuliza WD-40, yale mafuta ya kopo la kupuliza, wakaona wamemaliza. Kosa si la WD-40: tangu ilipotengenezwa mwaka 1953 kazi yake ni kufukuza maji, hata jina lake linasema hivyo (WD ni "water displacement", yaani kufukuza maji), na kazi hiyo inaifanya. Lakini inabaki utando mwembamba tu, si kinga ya miezi mitatu ya unyevu wa pwani. Yeye anatumia Ballistol, mafuta ya Wajerumani ya tangu 1904, ambayo hata yakikutana na maji yanachanganyika nayo yakawa meupe kama maziwa. Harufu yake sikuipenda. Nikanunua kopo moja. Akanipa na vifuko vya chembe za silika za kuweka kabatini: zikiwa kavu ni za bluu, zikishiba unyevu zinageuka waridi, unazipasha moto taratibu zinarudi.

Akanifundisha na jambo ambalo hata baba hakulijua: bunduki iliyopakwa mafuta isimamishwe mdomo chini. Ikisimama kitako chini, mafuta yanateremka na kuingia kwenye mbao. Akanionyesha kitako chetu, pale mbao inapokutana na chuma, kimekuwa cheusi na ukucha unabonyea. Miaka yote ile.

Kwa huyo fundi peke yake ningeweka nyota tano, na nilikuwa natoka nikiwa tayari kusema duka si baya, lina kijana mmoja mbaya. Nikafika mapokezi. Kijana akaniambia kuna 25,000 ya kazi ya fundi.

Wameniharibia, wakanilipisha kuondoa uharibifu wao. Nililipa. Nililipa kwa sababu nilimwona fundi mlangoni ameinamisha kichwa, nikajua nikifika kwa mwenye duka mzigo utamwangukia yeye aliyenitendea wema.

Masika mengine yamepita tangu hapo. Naifuta kila baada ya siku chache kwa yale mafuta, imesimama mdomo chini kwenye kabati la chuma, silika ziko chini yake. Hakuna kidoa kipya hata kimoja. Kwa hiyo mafuta ni mazuri na nitayanunua tena, hata kwao ikibidi. Nilifikiri kuongeza nyota. Halafu jana jioni nikaichukua nifute, kitambaa kikapita juu ya kile kivuli cha dole gumba. Nyota inabaki moja, na hiyo moja ni ya fundi. Akiondoka hapo akafungua karakana yake, mwenye kujua alipo aniambie, nitaipeleka mwenyewe toka Tanga.