Wasini: kifurushi cha hotelini au matatu na mashua ya abiria?

Wasini, kisiwa cha pwani ya kusini ya Kenya, nimeenda kwa njia mbili. Kwanza kwa kifurushi cha siku moja kutoka hoteli ya Diani, halafu kwa matatu na mashua, nikalala huko huko kisiwani. Mwenye pesa ya safari moja tu, aipeleke kwenye hii ya pili.

Kifurushi kina raha zake. Unachukuliwa mlangoni asubuhi na mapema, unarudishwa jioni, chakula ni juu yao. Maji ya hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti ni maangavu ajabu, na kaa wa mvuke kwa wali wa nazi siwezi kumtoa kasoro. Lakini pomboo walipochomoza, mashua ziliwavamia kutoka kila upande, injini zikinguruma, hadi wakazama wakaenda zao. Nahodha wetu akawafuata tena. Iliniuma sana. Na tulipomaliza kula tukarudishwa chomboni moja kwa moja. Kijiji kilikuwa pale pale, hatukukanyaga.

Kwa njia ya pili unashuka Kanana kwenye barabara ya Lunga Lunga, unapanda boda hadi Shimoni, kisha unangoja mashua pamoja na wanakijiji, magunia yao ya unga na madumu. Kisiwani hakuna gari hata moja. Unatembea tu.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni bustani ya matumbawe, yenye njia ya mbao inayosimamiwa na kina mama wa Wasini. Ni matumbawe ya kale yaliyobaki juu ya nchi, mengine yamezidi kimo cha mtu, yameliwa na maji chini hadi yamekuwa kama uyoga. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana, bahari huingia ikaifunika bustani yote. Sisi tulikuta maji yamekupwa, na kwenye tope la mikoko vikaa vya gando moja kubwa vilikuwa vinapunga juu chini. Mama aliyetuongoza aliinama akachuma mboga ya pwani, akatupa tuonje mbichi: vijani vinene, vinapasuka mdomoni, chumvi tupu. Usiku tuliila imepikwa kwa nazi, na bado naitamani. Alituambia pesa ya kiingilio husaidia karo za watoto wa kijijini. Tikiti ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ya kuingia hifadhini utailipa kwa njia yoyote ile, lakini ya chumba, ya chakula na ya mwongozaji nilimkabidhi mtu wa Wasini mkononi mwake.

Starehe usitarajie. Chumba chetu kilikuwa na joto, na kuoga ni kwa ndoo. Maji ya mvua huhifadhiwa kwenye birika, kwa hiyo tafadhali usiyamwage ovyo. Anayetaka bia na kiyoyozi akae Diani. Dada zangu, bebeni leso ya kujifunga mnapopita kijijini. Na mbao kadhaa za ile njia zimelegea, mtoto mshike mkono.

Kina mama wa Wasini nawaomba jambo moja: bandikeni bei zenu pale gatini Shimoni, za kiingilio, chakula na kulala. Mgeni akishuka tu hapo anazongwa na madalali, na wengi huishia kumlipa dalali kabla hawajajua kwamba ninyi mpo.