Uchambuzi: Tetesi za Viti vya Langalanga Zina Thamani Gani?

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo sitafungua sanduku lolote mbele yenu, kwa kuwa bidhaa ninayoichambua haina sanduku, haina risiti na haina dhamana. Ni tetesi za mabadiliko ya madereva katika timu za Formula One, mbio ambazo wengi wetu tunaziita langalanga. Tunainunua kwa bando la intaneti na kwa saa za usingizi, na wapo mashabiki wanaoifuatilia kwa bidii kuliko mbio zenyewe. Kwa hiyo ni haki kuikagua kama tunavyokagua simu au jokofu: imetengenezwa na nani, ndani yake mna nini, na inadumu kwa muda gani baada ya kutoka dukani.

Tuanze na sababu ya bidhaa hii kuwa na soko kubwa. Klabu ya mpira husajili wachezaji zaidi ya ishirini, na ikimkosa mmoja itampata mwingine kabla dirisha la usajili halijafungwa. Timu ya langalanga ina viti viwili tu. Hadi mwisho wa msimu wa 2025 viti vyote duniani vilikuwa 20, na kuingia kwa Cadillac mwaka 2026 kumevifanya kuwa 22. Isitoshe, dereva mpya hawezi kuokotwa popote, kwani lazima awe na leseni maalumu ya FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio hizi, ambayo kwa kawaida hudai pointi 40 alizozikusanya katika mashindano ya ngazi za chini. Uhaba huo ndio unaofanya jina moja likitikisika, mengine matano yatikisike pamoja nalo.

Sasa mtengenezaji. Tetesi nyingi hutoka kwa mtu mwenye faida ndani yake: wakala anayetaka mshahara wa mteja wake upande, mkuu wa timu anayetaka kumtia presha dereva aliye naye, au dereva anayetaka mwajiri wake aamke. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa dereva Max Verstappen na timu ya Mercedes. Mkataba wake na Red Bull, uliotangazwa Machi 2022, unafika mwisho wa 2028, lakini Toto Wolff, mkuu wa timu ya Mercedes, hakuficha mwaka 2024 kwamba alikuwa akimtamani, na katika kiangazi cha Ulaya cha 2025 habari hiyo ilirudi kwa nguvu mpya. Safari hii ilikuwa na mashiko, kwa sababu mwishoni mwa Juni, kwenye mbio za Austria, George Russell, dereva wa Mercedes, mwenyewe alisema hadharani kwamba mazungumzo kati ya timu yake na Verstappen yalikuwa yakiendelea, na kwamba hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya yeye kutokuwa na mkataba mpya. Dereva anapokiri kwamba mwajiri wake anamtafuta mtu mwingine, hiyo si porojo ya kijiweni.

Hata hivyo, angalieni kilichokuwa ndani ya pakiti na kilichoandikwa juu yake. Ndani mlikuwa na mazungumzo. Juu yake watu waliandika kwamba Verstappen anakwenda Mercedes. Ilikuwa imeripotiwa kwa mapana kwamba mkataba wake una kipengele kinachomruhusu kuondoka iwapo msimamo wake katikati ya msimu ungekuwa mbaya vya kutosha, lakini hadi mapumziko ya Agosti yalipokaribia alikuwa wa tatu, na alipofika Hungary alisema wazi kwamba angebaki Red Bull mwaka 2026. Mercedes nao wakawathibitisha madereva wao, Russell na Kimi Antonelli, mwezi Oktoba. Kwa maoni yangu tetesi ile haikuwa ghushi, ila iliuzwa kwa uzito usio wake, na aliyeinunua kwa bei kamili alipunjwa.

Tuiweke kando ya tetesi ya Lewis Hamilton kwenda Ferrari, ambayo naihesabu kuwa ya daraja la juu. Hamilton alikuwa Mercedes tangu 2013, ametwaa huko mataji sita kati ya saba aliyo nayo, na Agosti 2023 ilitangazwa kwamba mkataba wake umeongezwa hadi mwisho wa 2025. Habari ya kuhama ilipovuma mwishoni mwa Januari 2024, wengi waliikataa kwa hoja iliyoonekana imara, kwamba mtu mwenye mkataba wa miaka miwili hawezi kuondoka kabla hata mwaka wa kwanza haujaanza. Tarehe 1 Februari ikathibitishwa, na Mercedes wenyewe wakaeleza kwamba ametumia kipengele cha kujitoa kilichokuwamo katika mkataba ule ule. Taarifa kwa vyombo vya habari hutaja tarehe ya mwisho, haitaji vipengele, na dereva huondokea kwenye vipengele.

Aliyelipa gharama ya habari ile ni Carlos Sainz, dereva wa Ferrari aliyejikuta hana kiti huko kwa mwaka 2025 hata kabla msimu wa 2024 haujaanza. Machi 2024 alishinda mbio za Australia takriban majuma mawili baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na bado timu za juu hazikumchukua. Mwishoni mwa Julai akasaini Williams. Wapo waliosema ameporomoka. Mimi naona alichagua kwa akili, na nafasi ya tatu aliyoipata katika mbio za Baku, Azerbaijan, mwaka 2025 inanitetea kidogo.

Sasa nije kwenye eneo ambalo wanunuzi wengi huumia, yaani ile bidhaa yenye muhuri rasmi. Tunaambiwa tupuuze tetesi na tusubiri tangazo la timu. Agosti 2022, siku moja baada ya dereva Fernando Alonso kutangazwa na Aston Martin, timu aliyokuwa akiiacha, Alpine, ilitoa tangazo rasmi kwamba kijana Oscar Piastri angekalia kiti hicho mwaka 2023. Saa chache baadaye Piastri akaandika kwamba tangazo limetolewa bila ridhaa yake, kwamba hajasaini mkataba wa 2023, na kwamba hataiendeshea timu hiyo. Shauri likapelekwa kwenye Bodi ya Utambuzi wa Mikataba, chombo kinachoamua migogoro ya mikataba ya madereva, ambayo mapema Septemba iliamua kwamba mkataba pekee uliokuwa na nguvu ni ule wa McLaren, uliosainiwa tarehe 4 Julai. Maana yake, siku Alpine walipotangaza, kijana alikuwa wa watu wengine kwa takriban mwezi mzima. Tangazo rasmi lilikuwa bovu, na uvumi wa McLaren ndio uliokuwa mzima.

Kisa cha Sergio Pérez, aliyekuwa mwenzake Verstappen katika Red Bull, kinaniuma zaidi, kwa sababu pale hapakuwa na utata wa saini. Mapema Juni 2024 Red Bull walimwongezea mkataba hadi mwisho wa 2026. Hakuna aliyedanganya, karatasi zilisainiwa. Lakini tangu siku hiyo hadi msimu ulipokwisha hakupanda jukwaani, yaani hakumaliza katika tatu bora, hata mara moja. Alimaliza na pointi 152 wakati Verstappen, bingwa, alikuwa na 437, na timu ikashuka hadi nafasi ya tatu. Desemba 18 wakaachana. Kesho yake akatangazwa Liam Lawson, naye akaendesha mbio mbili tu, Australia na China, kabla kiti hakijapewa Yuki Tsunoda kuanzia mbio za Suzuka, Japani. Tsunoda naye hakuvuka mwaka: kwa 2026 kiti amepewa Isack Hadjar. Mtazamaji aliyekuwa anasoma matangazo rasmi peke yake alishtuka kila mara. Aliyekuwa anaangalia pengo la muda kati ya magari mawili ya Red Bull hakushtuka hata mara moja, na hapo ndipo ninaposhauri macho yenu yaelekee: kwenye muda ambao gari hutumia kumaliza mzunguko, kisha kwenye vipengele vya mkataba, na mwisho kabisa kwenye maneno.

Kwa kipimo hicho, tetesi niliyoiona imara kuliko zote za hivi karibuni haikuwa na msisimko wowote. Ni ile ya Pérez na Valtteri Bottas kwenda Cadillac. Timu mpya ilihitaji watu wanaojua gari zuri linavyopaswa kuhisiwa mikononi. Wawili hao walikuwa na ushindi wa mbio 16 baina yao, mmoja akiwa nyumbani bila kazi na mwingine akiwa dereva wa akiba wa Mercedes. Hapakuwa na timu ya kuwazuia wala mpinzani wa kupandisha bei. Cadillac walipotoa tangazo tarehe 26 Agosti 2025, kitu kipya pekee kilichokuwamo ndani yake kilikuwa picha.